Kufuli la Mizani

Dada yangu,

Nakusalimu kutoka chumbani kwangu, juu ya duka la viatu. Shemeji hajambo? Mtoto ameanza kula vizuri? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu na usingizi umenikimbia.

Unaijua programu ya kupimia watoto pale zahanati. Mizani ni moja, lakini ndani ya programu kuna kazi mbili zinazoitegemea: moja huuliza uzito kila mara ili namba ionekane kwenye kompyuta, nyingine huuliza ninapobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Fundi aliweka kufuli, yaani amri ndani ya programu kwamba moja ikiongea na mizani, nyingine isubiri. Ubaya, dirisha lote la programu kwenye kompyuta nalo lilisubiri, likaganda. Foleni ikachachamaa. Mama mmoja akaniuliza kama iliyolala ni kompyuta au ni mimi, benchi zima likacheka.

Kwa kuwa nimesomea mambo hayo, mganga mkuu aliniomba niangalie. Nikairekebisha, dirisha likawa jepesi. Alinisifu mbele za watu, hata muuguzi akaanza kuniita profesa.

Kisha ukaja na mtoto. Dawa aliyopewa na muuguzi ikamzidi, akatapika, akalala kama gogo. Ulimwambia muuguzi kwamba hata kuku wako usingemkabidhi, ukapeleka malalamiko. Ijumaa wanakaa kuamua kama afukuzwe. Yeye anasema tu kwamba alipima dawa kwa uzito aliopewa.

Dada, anasema kweli. Uzito ule ulitoka kwangu. Nililiondoa kufuli. Kazi zile mbili zikaiuliza mizani kwa pamoja, majibu yakapishana, na mwanao akaandikiwa kilo za mtoto mnene aliyemtangulia. Nimejaribu tena kwa mifuko ya mchanga, nikaona kwa macho yangu. Sasa kufuli limerudi, na dirisha haliigusi mizani tena: linaituma kazi moja tu ikaulize, lenyewe linaendelea na shughuli zake. Ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, lakini nilikimbilia sifa.

Leo nimemwambia mganga mkuu. Hakufoka. Amenikataza kuigusa kompyuta, na watoto wote waliopimwa tangu siku ile wanaitwa upya. Lakini malalamiko yako bado yanamtaja muuguzi. Tafadhali njoo kabla ya Ijumaa uyabadilishe, unitaje mimi. Na maneno yale uliyomtupia yeye, nitupie mimi. Nitayasikiliza nikiwa nimesimama.

Nibusie mtoto, kama bado unaniruhusu.

Mdogo wako,
karani wa mizani