Gauni Lililoachia Mbele ya Mgeni Rasmi

Mpendwa mshauri,

Kabla hujacheka nakuomba unisome mpaka mwisho, maana waliokwisha kunicheka wanatosha. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na minane, nafanya kazi mapokezi katika ofisi ya maji, ni mfupi, na siku Mungu alipogawa makalio na kifua naona nilipanga foleni mara mbili, ndiyo maana kazini wananiita Kibuyu na mimi naitika huku nacheka, ila moyoni sicheki. Kila ushauri wa kwenye simu nimeufuata, wakasema nyeusi inapunguza mwili nikavaa nyeusi mpaka jirani akaja kunipa pole ya msiba, wakasema mistari ya wima inarefusha nikanunua, wakasema visigino virefu, nikavivaa mpaka nikawa nashuka ngazi za ofisi kinyumenyume.

Sasa mwezi uliopita ofisi ilikuwa inafungua jengo jipya na meneja akanichagua nitoe neno la shukrani mbele ya mgeni rasmi, nikasema leo Kibuyu naye kawa mtu, nikaenda kwa wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kuniharibia hata foronya. Alipochukua tepu akaniambia, "Wifi, vua viatu, halafu pumua kawaida, usijikaze." Mshauri, hapa ndipo penye siri ambayo hata mume wangu haijui, kwamba nilikuwa nimevaa sketi ndefu makusudi ifunike visigino, nikamjibu nimeshavua na wala sikuvua, na tumbo nikalivuta ndani mpaka nikaona nyota, nikijipa moyo kwamba hadi siku ya sherehe nitakuwa nimepungua. Akasema ataacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, nikamwambia akikate chote kisije kikaninenepesha. Akaniita mara mbili nikajaribu kabla hajamaliza, nikasingizia kazi, kumbe naogopa kioo.

Siku yenyewe zipu aliifunga mume wangu, mikono yote miwili na goti mgongoni. Gauni lilinikaa vizuri sana nikiwa sipumui, ila pindo, ambalo wifi aliliongezea urefu wa visigino akijua kanipima bila viatu, lilikuwa linafagia sakafu. Nikafika kwenye kipaza sauti, nikavuta pumzi niseme "Mheshimiwa mgeni rasmi," na zipu ikaachia yote kutoka shingoni mpaka pasipotajwa. Dereva wa ofisi akavua koti lake akanifunika. Mgeni rasmi, aliyekuwa ameketi meza kuu nyuma yangu, akapiga makofi, nadhani alikosa la kufanya.

Kesho yake saluni wakaniuliza, na kwa ile aibu nikasema, "Ni wifi yangu huyo, kalibana makusudi, ana husuda mimi nikisimama mbele za watu." Nilisema mara moja tu, mshauri, lakini saluni mara moja inatosha. Walimu wa shule ya jirani waliokuwa wamempelekea vitambaa kumi na viwili wameenda kuvichukua vyote, kaka hapokei simu yangu, mama kila nikimpigia analia, na wifi mwenyewe hajasema neno hata moja. Naomba unielekeze mambo mawili: mtu wa umbo langu avae nini, na nipatane vipi na wifi bila kulazimika kutaja habari ya viatu na pumzi. Na jina langu tafadhali lifanye siri.

Ni mimi,
Kibuyu wa Mapokezi

*

Kibuyu, pole. Nimecheka, sikufichi, lakini nilipofika kwenye vile vitambaa kumi na viwili kicheko kikaniishia.

Tuanze na mwili, kwa kuwa wenyewe hauna kosa. Mimi ninayekujibu nikikaa kwenye kiti cha ofisi miguu haigusi chini, kwa hiyo nisikilize. Hiyo nyeusi ya kujificha iache. Chagua rangi moja unayoipenda, ianze begani iishie kwenye pindo, hata ikiwa nyekundu, hiyo ndiyo itakayokurefusha. Mistari ya wima inanyooka ikiwa dukani. Ikifika kwenye miili yetu inapinda, na kila mtu anageuza shingo kuona inakoelekea. Una kiuno, mama, na wenzio wanakitafuta kwa mazoezi hawakipati! Gauni likishike pale pale kilipo, kisha lilale juu ya makalio bila kuyanyonga. Pindo lisiteremke hadi katikati ya muundi, litakukata vipande viwili. Liishie chini kidogo ya goti. Shingo iwe ya V. Kitambaa kiwe chenye kuanguka, si kile kigumu kinachoweza kusimama bila wewe. Sidiria nunua ya kifua cha leo, si cha kabla hujazaa. Kisigino kiwe kile unachoweza kushuka nacho ngazi ukitazama mbele kama binadamu. Na ukilivaa, kaa chini ule; likikuruhusu kumaliza sahani, linakutosha.

Lakini hakuna fundi duniani atakayekushonea hayo kama unamdanganya. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha mbele ya mtu aliyeshika tepu!

Sasa wifi yako. Unadhani fundi hamjui mtu aliyebana pumzi? Alijua. Ndiyo maana akataka kuacha akiba, ndiyo maana akakuita mara mbili. Walimu walipokuja kuchukua vitambaa vyao angeweza kuwaambia, "Wifi yangu alinidanganya vipimo," na wangebaki. Hakusema. Amekubali kupoteza kazi ya watu kumi na wawili ili tumbo lako lisiwe hadithi ya mtaa. Na huyo ndiye uliyemwita hasidi. Nakuonea huruma, lakini yeye namwonea zaidi.

Unataka mpatane bila kusema. Haiwezekani, na usiniandikie tena kuniuliza hilo. Ulimchafua saluni, basi nenda saluni viti vyote vikiwa na watu, useme, "Gauni nililiharibu mimi. Nilimdanganya fundi." Watakucheka. Ulishaonekana mgongo mzima na mgeni rasmi ukaishi, hawa hawatakuua. Ukitoka hapo pita shuleni kwa walimu, uwaambie hivyo hivyo. Kisha nenda kwa wifi, umwombe radhi kaka akiwepo. Habari ya gauni jipya usiiguse siku hiyo.

Tena fanya haraka. Uliomba siri, na jina lako kweli sijaliweka, lakini mwenyewe umesaini Kibuyu wa Mapokezi ukidhani umejificha. Gazeti hili linafika mtaani saa kumi na mbili asubuhi na saluni inafunguliwa saa tatu. Ukichelewa, wifi yako atakuwa ameombwa radhi na gazeti, na wewe utakuwa hujasema kitu.