Baba Mapendo, Jina Lako Nimelifuata Tribinali

Baba Mapendo,

Ulizoea minye kukuita kwa sauti toka mulangoni, mpaka jirani wote wajue unatafutwa. Leo nikiita hivyo watasema muke wa shemasi amepata wazimu. Basi nimechukua kalamu. Herufi zangu unazijua, zile nilizofundishwa kanisani ili nisome zaburi, zinakwenda kama kuku amepita kwenye matope. Ulizicheka sana. Cheka tena, lakini usome mpaka mwisho, maana mambo ni yako.

Kwanza nyumba. Lile bati la jikoni uliloniambia kila juma "nitalipanda kesho," muntu mwingine amelipanda, akaliziba. Halivuji tena. Mapendo amehamia kwangu na watoto wake, anajifanya mukubwa wa nyumba, anaficha chumvi eti damu yangu inapanda. Mutoto niliyemuzaa! Kiti chako hakuna anayekikalia. Usifikiri ni heshima. Muguu wake mumoja umevunjika, na fundi wake amekwenda.

Sasa sikia. Kwamba ulikufa kwa pikipiki kwenye barabara ya Kalundu, hilo unalijua kuliko minye. Usichokijua ni yaliyosemwa ulipokwisha kulala. Yule kijana aliyekugonga, jina lake Elia, motari wa kubeba watu kwa pikipiki, mutoto wa Rurambo kule milimani aliyeshuka huku chini kutafuta maisha, aliwaambia polisi hivi: "Muzee alikuwa amelewa. Alikuwa anayumba, akajitupa mbele yangu." Neno hilo likaingia katika muji kabla maiti yako haijafika nyumbani. Kwenye kilio chako mwenyewe, Baba Mapendo, watu wamekaa juu ya mikeka yangu, wanakula bugali wangu, wananong'ona kwamba shemasi alikuwa mulevi wa kujificha. Mama mumoja wa kwaya, simutaji, yule mwenye sauti kama mulango usiopakwa mafuta, akanishika mukono: "Mungu anasamehe yote, mama. Hata pombe." Nikamwambia atoke kwenye mukeka wangu. Alifikiri ni huzuni inayosema. Ilikuwa hasira.

Weye! Muntu ambaye kwenye ndoa ya binti yake alikunywa chai! Mutaa wetu wote wa Songo unajua ulikuwa unayumba tangu ile siku gunia lilipokuangukia pale bandarini, likakuharibia nyonga. Miaka yote wamekuona unakwenda kama mutumbwi wenye mawimbi ubavuni, hakuna aliyesema ni pombe. Umekufa tu, wote wakawa na macho mapya.

Nikasema nitakwenda tribinali. Mapendo akaanza: "Mama, utafanya nini kule? Kesi iko na avoka wa kuitetea." Nikamuuliza kama avoka ndiye aliyekuwa anamupaka baba yake mafuta kwenye nyonga.

Baba Mapendo, tribinali si kama tulivyofikiri. Tulifikiri ni mahali pa kutetemeka. Ni nyumba ya bati yenye joto, mabenchi kama ya shule, na juji watatu wamevaa joho jeusi, mukubwa wao anaitwa prezida, jasho linawatiririka. Kila siku wanapokaa, minye niko. Kesi yetu iko au haiko, niko, kwa sababu hawakuambii vizuri itaitwa lini, na minye sitaki iitwe wakati niko sokoni. Nimesikia mengi. Nimesikia wanawake wawili waliopigana kwenye robine, pale bomba la maji, mumoja akamung'ata mwenzake sikio, alipoulizwa kwa nini, akajibu, "Bwana prezida, mudomo wangu ndio ulikuwa karibu." Nimesikia mwizi wa bata anayesema bata alimufuata kwa mapenzi yake. Watu wanacheka. Lakini nimewaona pia wamama wanaotoka pale bila kuona mulango uko wapi.

Nilijifunza. Juji wakiingia, unasimama. Simu ikilia, polisi anaichukua. Hiyo ya simu minye ndiye ninayemusaidia, ninawageukia kwa jicho tu. Siku hizi benchi ya mbele haikaliwi, wananiita koko, bibi yao, wanasema, "Hapo ni pa koko." Hata grefiye, yule anayeita kesi na kuandika, ananisalimia kabla ya kusalimia maavoka.

Siku ya kwanza Elia alipoitwa, nilijitayarisha kumuchukia. Nilikuwa nimepanga macho yangu tangu nyumbani. Akatoka kwenye mustari wa wafungwa, kijana murefu, mifupa inasukuma shati. Prezida akamuuliza jina. Akafungua mudomo, magoti yakakunjika, akaanguka. Wakamumwagia maji. Prezida akasema, "Huyu hawezi kujibu. Tunapeleka kesi mbele, tarehe nyingine." Siku nyingine akaitwa tena, akashika ukuta, akaanguka tena. Mbele tena.

Nilikasirika, weye unanijua. Nikamufuata polisi wa mulangoni. "Mutoto huyu ana ugonjwa gani?"

"Ugonjwa wa kukosa ndugu, koko. Kule gerezani muntu anakula anacholetewa na watu wake. Wake wako Rurambo, na njia imeharibika."

Basi! Jina lako limefungwa katika kinywa cha muntu anayekufa njaa. Akifa, lile neno lake la "amelewa" linabaki hivyo milele, hakuna wa kuligeuza. Nikarudi nyumbani, nikatwanga majani ya muhogo, nikapika sombe, nikasonga bugali wa muhogo, nikafunika bakuli. Mapendo akasimama mulangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Elia."

"Mama! Unamupikia muntu aliyemuua baba?"

"Ndiyo. Maiti haijibu juji. Ninayo moja tayari, na haijaniambia neno."

Nisamehe, lakini ni kweli, hujaniambia.

Nikafika mapema. Wafungwa walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wanangoja kuitwa. Polisi akanikubalia. Nikaweka bakuli mbele ya Elia, nikafungua kifuniko. Aliutazama ule bugali, halafu akageuza uso. Nikajua: anaogopa sumu. Huku kwetu nani haogopi? Nikakata kipande, nikachovya, nikala mbele yake. Akakataa. Nikala tena, upande mwingine wa bakuli. Akakataa. Polisi akasema, "Koko, kama hataki, minye ninao mudomo." Nikamwambia polisi afunge huo mudomo.

"Kijana," nikasema, "nimepika kwa mikono yenye maumivu. Unaniita mulozi, muchawi, mbele ya watu?"

Hapo ndipo alisema, akitazama chini: "Hapana, mama. Si sumu. Minye siwezi kula chakula cha ile nyumba."

Baba Mapendo, nilibaki nimeshika kifuniko kama mujinga. Watu wa huku bondeni na watu wa kule juu tunagombana kwa mashamba, kwa ng'ombe, kwa mengi. Lakini hili tunalijua wote: damu ikiwa kati ya nyumba mbili, hamuli chungu kimoja mpaka jambo lisemwe lote, bila kuficha. Anayekula huku anaficha neno, chakula kinamugeukia. Minye nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nafikiri mambo ya majuji na maavoka, nikasahau ya nyumbani. Mutoto yule, na njaa yake yote, hakusahau.

Na muntu asiyeficha kitu angekula.

Nikafunika bakuli. Nikaenda kwa mama anayeuza ndizi pale nje, nikanunua mukungu mudogo, nikamurudia nao. "Kula hizi. Za sokoni hazina damu ya muntu. Na siku watakapoisikiliza kesi yako nitakaa benchi ya mbele, bakuli juu ya magoti yangu. Ukisema yote, utakula. Usiposema, nitakula minye mwenyewe mbele yako, na harufu ya sombe yangu umeisikia."

Siku hiyo hawakumuita. Tangu hapo nikamupelekea gerezani ndizi, mukate, viazi vya kuchemsha vya sokoni. Sikumuongeza neno. Naye hakusema kitu ila asante.

Siku ilipofika, Mapendo alikuja nami. Alisema anakuja kuangalia nisilete aibu. Kesi ikaitwa. Elia akasimama, na magoti yakakubali. Prezida akamusomea maneno aliyowaambia polisi, kwamba muzee alikuwa amelewa, akamuuliza kama anayashika bado. Avoka wake akamuvuta shati kidogo. Elia akanitazama, akatazama bakuli.

"Hapana, prezida. Nilidanganya. Freni ya kusimamisha pikipiki ilikuwa imekufa, nilijua tangu asubuhi. Muzee alisimama pembeni, akainua mukono nipite. Mbele kulikuwa na shimo, minye nilishindwa kusimama, nikageukia upande wake."

Prezida akauliza, "Unajuaje hakuwa amelewa?"

"Nilimuinamia. Hakunuka kitu ila samaki wadogo waliomwagika kwenye mufuko wake. Na alisema maneno mazuri, yaliyonyooka. Aliniambia, 'Kijana, angalia usikanyage hizo ndagala. Mama Mapendo anazingoja.' Kisha hakusema tena."

Baba Mapendo.

Nilicheka. Ndiyo, tribinalini, kwa sauti, mpaka bakuli likataka kuanguka. Weye unakufa, na unafikiri ndagala! Na minye jioni ile nilikuwa mulangoni, nazingoja nizikaange, nimekasirika, nasema muzee huyu amepata wa kupiga naye hadithi, mafuta yanaungua jikoni. Machozi yalikuja nyuma ya kicheko, sikuyafuta.

Prezida akapiga meza. "Mama, hapa hatucheki."

Nikasimama. "Bwana prezida, nitanyamaza. Lakini hilo neno la ndagala, liandikwe."

Akamugeukia grefiye. "Andika."

Likaandikwa. Nililiona likiandikwa.

Walipowatoa wafungwa kwenda kungoja kwenye kivuli, nikamufuata Elia na bakuli langu. Nilitaka kulifungua, Mapendo akalichukua mikononi mwangu. Hakumutazama kijana usoni. Alifungua kifuniko, akamusogezea. Minye nikakata cha kwanza, Mapendo cha pili, Elia cha tatu. Sombe ilikuwa baridi. Alikula mpaka akapangusa bakuli kwa kidole, halafu akasema polepole, "Asante, mama. Chumvi tu ndiyo ilikuwa kidogo."

Nikamwambia, "Muulize huyu dada yako, anaificha wapi."

Mapendo alicheka. Alikuwa hajacheka tangu tukuzike.

Hukumu ilisomwa baadaye. Amefungwa. Si muda murefu kama Mapendo alivyotaka kwanza, si mufupi kama avoka alivyoomba, na minye sikulalamika. Kosa ni kosa. Kuendesha chuma bila freni katikati ya watu, huo ni ujinga unaoua, nilimwambia hivyo usoni na ataulipia. Nilichokwenda kutafuta kule nilikwisha kukipata.

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, nikasimama bila kuitwa. Nikasema yote, na ndagala nikazisema. Muchungaji hakunikatiza. Yule mama wa kwaya alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo, amekishika kichwa chini miguu juu. Nilipotoka alinifuata akitaka kunibebea mufuko. Nikamwachia aubebe mpaka nyumbani kwangu, kwenye jua lote, na sikumupa kiti. Najua ungesema nimuhurumie. Ungekuwepo ungemuhurumia weye.

Sasa nakuacha upumuzike. Ila nakuahidi jambo, na usinibishie. Mpaka mama yake Elia apate njia ya kushuka toka Rurambo, nitakuwa namupelekea bakuli kule gerezani. Mapendo anasema nimekuwa muzee, moyo umelainika. Moyo wangu haujalainika. Masikio ya mutoto yule ndiyo yaliyosikia neno lako la mwisho, na neno lenyewe lilikuwa langu. Hayatakufa njaa, minye niko.

Lala vizuri, muzee wangu. Mafuta nimeyatoa motoni. Ndagala, nitazifuata mwenyewe.

Muke wako,
Mama Mapendo