Safu ya Mgao

Jumanne, 14 Januari 1975
Mahindi ya njano yamefika Nyansurura — lori moja tu! Katibu Nyangwine kasema mgao wa zamani ufutwe, nyumba zote. Mimi karani niujaze upya kwa hesabu: watu mara kilo nne, kisha toa kilo mbili kwa kila ng'ombe. Mwenye ng'ombe auze, ale. Vidole vinauma. Nyumba nyingi zimeshuka.

Alhamisi, 16 Januari
Bhoke, yule mjane, amekuja ofisini. Watu watano, ng'ombe kumi. Jibu: sifuri.
Ng'ombe walihesabiwa kabla hatujahamishiwa kijijini. Wezi wakawaswaga wote wiki ile ya kuhama. Yowe tulilisikia wote.
“Mura, kijana wangu, hao ng'ombe wamebaki kwenye daftari lako tu. Niingie humo niwakamue?”
Nikampeleka kwa Katibu. Katibu: safu ya ng'ombe haiguswi mpaka bwana mifugo aje. Lini? Petroli hakuna.

Jumapili, 19 Januari
Robi amefariki. Kitindamimba wa Bhoke. Kuhara, juu ya njaa.
Tumemzika baada ya misa. Ardhi kavu, jembe linadunda. Mke wangu Agustina alimpelekea mama uji. Bakuli limerudi limejaa.

Jumatatu, 20 Januari
Asubuhi Katibu kaja. Amesikitika kwanza, kweli. Halafu: punguza mtu mmoja pale kwa Bhoke, mgao urekebishwe.
Nikapunguza. Kumi na sita, toa ishirini. Mama aliyezika jana anadaiwa na kijiji kilo nne! Nikamwonyesha.
“Andika sifuri tu, Selestine. Usianze maneno.” Akatoka.
Nikaikata ile kumi ya ng'ombe. Nikaandika sifuri. Mgao: kumi na sita. Nikamtuma Agustina akamwambie Bhoke aje na gunia.

Mchana — ugawaji ulianza, sasa umesimama. Katibu kagundua jumla si ile aliyoipeleka juu. Kachukua daftari, anakagua nyumba moja moja. Nimeambiwa nikae nje. Naandika hapa kizingitini.
Bhoke yuko mbele kwenye foleni, gunia begani. Nimempa shikamoo. Kaitikia taratibu, hata kanishukuru. Hajui kitu.
Namsikia Katibu ndani, anasoma kwa sauti. Nyumba ya Werema — sawa. Nyumba ya Wangwe — sawa. Nyumba ya Bhoke —