Draiva ya Kamera

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji, na huyo mgeni wenu mdogo ambaye bado tunamjua kwa kilio chake cha kwenye simu tu. Natumaini mshono umekauka na mtoto anakuachia walau usingizi wa mchana. Sisi huku tunakula na kutembea. Mengine ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Kuta zetu za mbao unazijua, na siku hizi Baba anasikia hata paka akinyata. Barua hii nimempa mwenzangu wa kazini anayesafiri kuja huko.

Ile kompyuta uliyotutumia ili Baba amwone mjukuu iliingiwa na kirusi. Nikaipeleka kwa fundi wa pale sokoni, yule tunayemwita Waya kwa wembamba wake. Akaifuta yote, akaweka Windows mpya. Ilirudi safi lakini ni bubu: sauti haitoki, intaneti haishiki, kamera giza tupu. Waya akanionyesha alama za njano mbele ya majina ya vifaa hivyo. Akanieleza kwamba kila kifaa kina programu yake ndogo ya kukiendesha, inaitwa draiva. Ikikosekana, kifaa kipo lakini kompyuta haijui kukitumia.

Nilipomsimulia Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema kama shida ni dereva, tungemwuliza yeye tangu mwanzo. Unajua anavyojivunia lile basi la shule.

Draiva ya sauti ilipatikana upesi. Ya intaneti ilituchosha, maana kuipakua kunahitaji intaneti hiyo hiyo. Waya akaipakua kwenye mashine yake, akaja nayo kwenye flashi. Kamera ndiyo iliyotutoa jasho. Waliotengeneza kompyuta walishaiacha modeli hiyo, na tovuti moja iliyotuahidi draiva nusura ituletee kirusi kingine. Mwishowe Waya akachukua namba ya kifaa chenyewe, akaitafuta hiyo, akapata draiva ya kamera inayokaribiana nayo. Akaja kuiweka nyumbani Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kazini, kwa sababu alitaka umwone akiwa nadhifu.

Taa ya kamera ikawaka, uso wa Baba ukajaa kwenye kioo, lakini juu chini: kidevu kileleni, nywele chini. Draiva haikuwa yenyewe. Mimi na Waya tukabana kicheko, tukimsubiri mwenyewe aanze. Baba akasogeza uso, akatulia, akainyoosha kola.

"Safi," akasema. "Nimetoka vizuri."

Waya akanitazama, kisha akaanza kukunja nyaya zake polepole. Nilimwuliza Baba kama hakuona kitu cha ajabu. Akajibu kwamba labda shati limefifia kidogo.

Waya alipoondoka nilisimama mbele ya Baba nikapunga mkono karibu na uso wake, bila kusema neno. Hakupepesa. Nikamwambia picha ilikuwa imepinduka. Ndipo akasema yote. Ni presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba jicho moja limekwisha, la pili limebaki na kitundu kama cha ufunguo, na kilichopotea hakirudi. Hata hivyo alikuwa anaendesha. Njia anaijua kwa kichwa, alisema, na yule mama anayewaangalia watoto ndani ya basi hukaa kiti cha mbele akimtajia pikipiki na watu wanaovuka.

Akanishika mkono. "Usimwambie dada yako. Na shule wasijue. Nikishuka kwenye usukani, nitakuwa nani humu ndani?"

Jumatatu akatoka kama kawaida. Nilimfuata kwa macho hadi pale kona anapopakia watoto wa kwanza. Basi lilipanda ukingo wa barabara, likasimama karibu kabisa na mtoto mwenye begi jekundu, karibu kiasi kwamba kioo cha pembeni kilipita juu ya kichwa chake. Yule mama akaruka chini, akamkumbatia mtoto, akampandisha. Wakaenda.

Dada, Baba amekwambia kwamba kuna mtu alimchongea kazini. Mtu huyo ni mimi. Asubuhi hiyo hiyo nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza. Walimpima macho, wakamshukuru kwa maneno mazuri, wakachukua funguo. Yule mama naye wakamfukuza kwa kuficha. Baba anaamini ndiye aliyesema. Alipokuja kumjulia hali, Baba alimgeuzia mgongo, mama wa watu akabaki amesimama uani. Akanitazama mimi. Nadhani alijua. Nami nikanyamaza.

Kwenda shule sijutii, na ingekuwa leo ningekwenda tena. Kule kunyamaza uani ndiko kunakoninyima usingizi. Nimekata shauri kumwambia Baba Jumapili, akishakula, kisha nimwendee yule mama kwake. Huenda Baba asiseme nami tena. Usinitetee, mwache atoe yaliyo moyoni, wewe msikilize tu.

Waya amepata draiva yenyewe, na picha sasa imenyooka. Mpakate mtoto mbele ya kamera kama mlivyopanga. Baba atasema amefanana na marehemu Mama. Mkubalie. Na ukiona anatazama pembeni, usimwambie ageuke.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na mtoto mbusu kisogoni kwa niaba ya babu yake.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda