Dundori Kwenye Ramani ya Mzee Jaswant

Shosho wangu, goti linaendeleaje na hii baridi? Huku Nakuru mvua imenifungia kwa saiba ya Mzee Jaswant, pale watu hulipia kutumia kompyuta, na amenipa chai ya tangawizi na sambusa moto.

Nimeona jambo, Shosho, hata sijui nikuambie vipi. Kwenye kompyuta yake kuna ramani ya dunia nzima. Unaandika majina ya miji miwili, nayo inachorea kila mji duara, kubwa kadiri ya wingi wa watu wake. Bombay ilijaza kioo. Nakuru yetu, ambamo mimi hupotea siku ya soko, ilikuwa kama punje ya minji.

“Babu yangu alipanda meli hapa kuja kujenga reli,” mzee akasema, akigusa lile duara kubwa. “Sijui kama kuna mtu alimtoa kwa hesabu.”

Nikamwomba atafute kijiji chetu, Dundori. Hakukuja kitu, weupe tu.

Nikakumbuka yule karani wa sensa, na vile ulitufungia jikoni sisi wajukuu wote, kwa sababu ulisema watoto wakihesabiwa hupungua. Ulimwambia ukiwa mlangoni, “Andika tuko wa kutosha.”

“Kwani kwenu hakuna watu?” mzee akaniuliza.

Nikaweka kidole kwenye ule weupe, kando ya Nakuru. “Wako wa kutosha,” nikamwambia. Alingoja nambari. Sikumpa.

Ukae salama, Shosho. Nisalimie wote walio hapo jikoni, bila kuwahesabu.

Mjukuu wako, Wanjiku