Lile Boksi Ulilolitupa Chooni

Dada Aika,

Kaa chini kwanza ndipo usome, habari hizi ni nzito kwa mtu aliyesimama. Kariakoo nzima hii, kuanzia Msimbazi mpaka kule bondeni Jangwani, hakuna kidonge kinachoingia mdomoni mwa mtu mpaka mdogo wako Godlisten aseme meza. Madaktari wenye miwani wananisubiri mimi. Yule mwalimu wa hesabu aliyenitoa mbio kidato cha pili, mwambie kichwa alichokiita boga ndicho kinacholinda afya ya Bongo.

Haya, cheka kidogo. Najua hujacheka siku nyingi.

Shikamoo dada. Na mama mpe shikamoo yangu ukiwa umemshika mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Anaendeleaje? Bado anamwita kila mtu kwa jina la marehemu baba? Mguu umeanza kukanyaga? Mimi ni mzima wa mwili, sina la kulalamika.

Ningepiga simu, ila wewe ukikasirika unakata. Barua hata ukiichana, ukitulia unaweza kuokota vipande.

Jana uliponiambia kwamba vidonge vya presha alivyopewa mama hospitali umeviweka juu ya kabati na hutampa hata kimoja, kwamba tangu lile boksi langu huamini tena dawa yoyote, unamchemshia majani tu, nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikashindwa kupanda. Mama ameshaanguka mara moja kwa kukosa dawa. Akianguka tena hatainuka. Kwa hiyo nakueleza yote, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Bosi wangu ni Bi Zuhura, sisi tunamwita Madam. Ni mfamasia wa kusomea, mzaliwa wa Ilala, na zamani alikuwa na duka lake la dawa hukohuko. Siku moja alimuuzia jirani dawa ya malaria ya mtoto. Boksi safi, maandishi safi, kumbe ndani ni chaki tupu. Yule mtoto hakupona. Madam akafunga duka, akaanzisha hii kampuni ya lebo.

Lebo yenyewe inabandikwa kwenye boksi la dawa, ina utando wa kijivu kama wa vocha ya simu. Unakwangua, unakuta tarakimu, unazituma kwa ujumbe, na kompyuta ya Madam inakujibu kama dawa ni halali au usiitumie. Kazi yangu ni kuzunguka mitaani kuwaonyesha watu. Kwa ajili hiyo nilipewa kadi ya maonyesho, na kadi ile inajibu "halali" hata uitume mara mia kwa siku. Asubuhi ya kwanza Madam alitufundisha na mambo mengine. Mimi nilikuwa dirishani nawapungia wauza mitumba, waone nimevaa shati lenye nembo.

Sasa ile siku niliyomnunulia mama vidonge vyake, nilivinunua kwa mzee Kombo, duka zuri lenye lebo zetu. Nikapita na boksi mkononi pale kwa Saidi muuza soksi, nikatoa kadi yangu nianze maonyesho.

"Mangi, hiyo kadi yako ni kiini macho," Saidi akasema mbele za watu, ndivyo anavyotuita Wachagga wote. "Inakubali kila kitu kama bwana harusi."

"We uza soksi, mambo ya sayansi niachie mimi."

"Sayansi ya wapi, na shule ulitoka mbio! Haya, kwangua hilo boksi la kweli hapo mkononi tukuone."

Watu wakacheka. Unanijua nikichekwa, dada. Nikatoa sarafu, nikakwangua boksi la mama, nikatuma. Jibu likaja hapo hapo: dawa hii ni halali. Nikawasomea kwa sauti kama mchungaji, wakapiga makofi, Saidi akanipa soksi bure. Jioni boksi likapanda basi kuja kwako.

Na sikutosheka na makofi ya Msimbazi, nikataka na yako. Ndiyo maana nilikupigia nikakuambia usimpe mama kabla hujazituma zile tarakimu. Ukatuma. Ukajibiwa namba hii imeshatumika, usiitumie dawa hii.

Bado nakusikia. "Godi, imekataa."

"Basi ni feki hiyo! Tupa chooni, kuku wasije wakaidonoa."

"Umemuuliza Madam wako?"

"Nimemuuliza. Kasema tupa."

Ukatupa. Mimi nikaenda kwa mzee Kombo, nikamwita muuaji mbele ya wateja wake. Mzee wa watu alibaki ameshika kaunta, anasema, "Mwanangu, mwanangu," basi. Nikakuahidi kutuma boksi lingine kesho yake. Kesho ikawa wiki, zikawa wiki mbili, maana nilikuwa na shughuli kubwa ya kuwasimulia watu jinsi nilivyomwokoa mama yangu. Ndipo ukapiga asubuhi ile kusema mama ameangukia jikoni na upawa mkononi.

Madam aliposikia alilia. Akasema aliyetengeneza dawa ile bandia lazima apatikane. Kompyuta yake inaweka kila ujumbe, umetumwa na simu gani na siku gani, hivyo ndivyo anavyowakamata wenye dawa bandia. Juzi akaniita ofisini.

"Godlisten, hizi tarakimu zilitumwa mara mbili. Mara ya pili ni simu ya dada yako. Hii ya kwanza ni ya nani?"

Nikaitazama. "Yangu, Madam."

Hakunigombeza. Alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, lile somo nililolikosa dirishani. Namba ya kweli inajibu "halali" mara moja tu, ili wezi wasinakili lebo moja wakaibandika kwenye maboksi elfu. Mara ya kwanza niliimaliza mimi, kwa ajili ya Saidi na soksi zake.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Mimi kwa mama wa yule mtoto nilikwenda kwa miguu yangu. Siku ya kwanza hakunifungulia mlango. Nikarudi. Kwa mzee Kombo tutakwenda pamoja, lakini kwa dada yako mimi siendi. Hilo la kwako."

Kwa hiyo dada, dawa uliyoitupa ilikuwa nzima. Mzee Kombo hana kosa, na kompyuta ya Madam ilijibu kama ilivyofundishwa. Wewe ndiye usiye na kosa kuliko wote. Shangazi aliniambia unalia kwamba mkono wako ndio uliotupa. Ulitupa kwa sababu mimi nilikuambia. Shusha vile vidonge juu ya kabati, umpe mama leo hii, kabla hujaikunja barua hii. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Nisalimie shangazi Ndeshi, dada yake baba, anayekuja kumgeuza mama kitandani. Nisalimie mjomba Elia, na umwambie ahsante kwa kumbeba mama mgongoni mpaka barabarani. Mwanao Glori mwambie mjomba wake ana soksi mpya, ila hazivai.

Kuna kitu nimekiruka hapo juu, nikatumaini hutakiona. Kukwangua boksi ni ujinga, na ujinga wangu mmeuzoea. Uliponiuliza kama nimemuuliza Madam, nikasema ndiyo, sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa ofisini wakati ule. Madam alikuwa amekaa meza ya pili anakunywa chai, ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Neno moja tu, angeniambia, na mama angemeza dawa yake jioni ile. Nilimtazama, dada, nikaona haya aje kujua kuna kitu sikijui. Nikageukia ukutani nikakudanganya.

Mdogo wako,
Godlisten