Fomu ya Nyumba za Tangini

Mama Yusufu,

Lile tangi la maji lililotuhamisha kilimani limekwisha. Walilikausha wakati wa kiangazi, wakavunja kuta, wakafukia shimo kwa udongo mwekundu, na sasa juu yake wanajenga nyumba za matofali zenye madirisha ya vioo. Nilisimama barabarani nikapima kwa macho: jiko lako lilikuwa pale penye nyumba ya nne. Kila tulipopita chini ya kilima kwenda Lubaga ulikuwa ukisema, "Maji ya watu yamelala jikoni kwangu." Ulisema hivyo miaka ishirini na mitatu, nasi wapangaji tu Wandegeya.

Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba wenyeji wa zamani watapewa nyumba kwanza. Wanajeshi hawa wanaotutawala hata sukari wameshindwa kutupa, nikajiuliza nyumba zinatoka wapi. Hata hivyo nilikwenda ofisini kwao kujiandikisha, kwa ajili yako. Nilikwenda peke yangu, bila kumwambia jirani yeyote.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja kuhusu kiwanja chetu. Mistari kumi na miwili ilihusu watoto: majina, kazi, wanaishi wapi sasa. Karani alikuwa kijana nadhifu, vidole havina hata doa la wino.

Wewe hujui kwamba Yusufu ameondoka. Baada ya arobaini yako wenzake wawili walichukuliwa ofisini, mchana kweupe, naye akavuka mpaka. Aliko sipaandiki hata humu.

Basi nikajaza kwamba hatukujaliwa mtoto. Nisamehe. Uchungu wako wa siku mbili, na wale wadogo wawili tuliowazika kabla yake, nimeyafuta yote kwa neno moja. Karani akasoma, akacheka.

"Mzee, hata mtoto moja? Miaka yote hiyo mulikuwa munafanya nini na mama?"

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, ili waamini.

Akagonga muhuri. Nilipofika mlangoni akaniaga kwa upole kabisa: "Haya, salama, Baba Yusufu."

Jina hilo sikuliandika popote, na kwenye foleni ile hapakuwa na mtu anayenijua. Sikugeuka. Kugeuka kungekuwa kuitika.

Kwa hiyo nyumba ile sihamii, hata wakiniletea funguo mkononi. Yusufu aliahidi kuja Idi akusomee kaburini. Nimempelekea neno, kwa mdomo wa mtu ninayemwamini, asije. Mimi pia nimeacha kuja Ijumaa. Mara ya mwisho gari liliegeshwa nje ya makaburi tangu nilipoingia hadi nilipotoka, na dereva hakushuka. Nitakusomea Yasini chumbani. Barua hii nitaichoma nikishaikunja.

Pumzika, mke wangu. Mungu akinibakiza, siku mwanao atakapoweza kurudi nitamleta kwako mimi mwenyewe, nami nitamwita kwa jina lake, kwa sauti, asikie yeyote atakayekuwapo.